Pointi 40 za nyumbani: kuielewa Simba ya robo fainali

Litaje neno "Mwakarobo", jina la utani la klabu ya Simba, kwenye kijiwe chochote cha Dar es Salaam uone. Shabiki wa Yanga analitumia kumkumbusha mtani wake kwamba Simba ilifika robo fainali za Afrika mara tano ndani ya misimu sita, na mara zote tano ikafungasha virago. Shabiki wa Simba naye anajibu kwamba kufika robo mara tano ndiyo ukubwa wenyewe, kwani miaka mingi kati ya hiyo waliokuwa wanacheka walitolewa raundi za awali au hawakuwamo kabisa. Wote wawili wana takwimu, na takwimu zote ni za kweli. Ndiyo maana ubishi hauishi.

Swali lenyewe si la Simba peke yake. Popote panapochezwa mashindano ya hatua mbili, ndefu kwanza halafu fupi, haikosekani timu inayotamba kwenye ile ndefu na kukwama kwenye ile fupi mwaka hadi mwaka. Tuseme ni timu kubwa yenye mkosi, au ni timu ya kawaida iliyobebwa na ratiba? Simba inafaa kuchunguzwa kwa sababu rekodi yake iko wazi na imejirudia kiasi cha kutosha kuonyesha mwelekeo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Katika hatua ya makundi, timu nne hucheza mechi sita kila moja, tatu nyumbani na tatu ugenini. Ushindi ni pointi tatu, sare ni moja, na timu mbili za juu zinasonga mbele. Mtoano ni timu mbili kukutana nyumbani na ugenini, na anayepita ni mwenye mabao mengi kwa jumla. Jumla ikilingana, linaangaliwa goli la ugenini, yaani anapita aliyefunga mengi kwenye uwanja wa mwenzake. Nalo lisipoamua, zinapigwa penalti. Robo fainali ndiyo mtoano wa kwanza baada ya makundi, zinapokuwa zimebaki timu nane.

Ninaposema "kutoka robo" nina maana ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Kombe la Shirikisho. African Football League ya Oktoba 2023 siihesabu, kwa kuwa timu nane zilialikwa na zikaanzia robo moja kwa moja. Huko Simba ilitoka kwa goli la ugenini mbele ya Al Ahly, 2-2 Dar na 1-1 Cairo, bila kufungwa mechi hata moja.

Safari tano zenyewe ni hizi. Msimu wa 2018/19 ilikuwa TP Mazembe: 0-0 Dar, 1-4 Lubumbashi. Msimu wa 2020/21 Kaizer Chiefs: 0-4 Johannesburg, 3-0 Dar. Msimu wa 2021/22, kwenye Shirikisho, Orlando Pirates: 1-0 Dar, 0-1 ugenini, penalti 3-4. Msimu wa 2022/23 Wydad Casablanca, matokeo yakawa yale yale kabisa: 1-0, 0-1, penalti 3-4. Na msimu wa 2023/24 Al Ahly: 0-1 Dar, 0-2 Cairo.

Ligi ni duka, mtoano ni mzigo

Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye timu 16 ni mechi 30. Ni sawa na mwenye duka la mtaani: Jumatatu mvua imenyesha, wateja hawakuja, basi, Jumanne ipo, Jumatano ipo, na mwisho wa mwezi atafunga hesabu na siku mbaya zitakuwa zimefunikwa na siku nzuri. Mtoano ni kama kupakia machungwa yako yote kwenye fuso moja kutoka Muheza kwenda Dar. Gari likikwama njiani siku mbili, mwezi mzima umeharibika, na hakuna atakayekuuliza mwaka jana uliuza tani ngapi.

Kwa hiyo hatua ndefu hupima wastani wa timu, na hatua fupi hupima kiwango chake kwa dakika 180. Vitu hivi vina undugu lakini si kitu kimoja. Wenzetu wa Marekani, ambao katika mpira wao ule wa kushika kwa mikono bingwa hapatikani kwa msimamo wa ligi bali kwa mtoano, wameishi na ubishi huu miaka mingi. New England Patriots walimaliza msimu wa kawaida wa 2007 wakiwa wameshinda mechi zote 16. Februari 2008 wakafungwa fainali na New York Giants, 17-14. Hadi leo wapo wanaowaita moja ya timu bora zilizowahi kutokea, na wapo wanaosema timu bora haikosi kombe. Sisi tuliozoea ligi ya pointi tunaona ajabu mechi 16 kufutwa na moja, ila tukifika makundi na robo za CAF, shirikisho la soka la Afrika, tunaingia kwenye mfumo huo huo, tena wenye mechi sita tu za kupima wastani.

Mechi sita ni chache. Matokeo mawili ya ajabu yanatosha kuupaka rangi msimu mzima.

Kundi linaweza kuficha nini

Rudi kwenye kundi la 2018/19, ambalo bado ni moja ya makundi ya ajabu niliyowahi kuyasoma. Simba ilikuwa na Al Ahly, AS Vita na JS Saoura. Nyumbani ilishinda zote: 3-0 dhidi ya Saoura, 1-0 dhidi ya Al Ahly kwa bao la Meddie Kagere, 2-1 dhidi ya Vita kwa bao la mwishoni la Clatous Chama lililoufanya uwanja mzima upagawe. Ugenini ilipoteza zote: 0-5 Kinshasa, 0-5 Misri, 0-2 Algeria. Pointi tisa, nafasi ya pili, robo fainali. Mabao ya kufunga sita, ya kufungwa 13.

Timu iliyofungwa mabao saba zaidi ya iliyofunga ikaingia nane bora za Afrika. Haikuiba kitu, sheria inahesabu pointi na Simba ilizipata kihalali. Lakini aliyeangalia msimamo peke yake aliona timu ya pili nyuma ya Al Ahly kwa tofauti ya pointi moja. Aliyeangalia mabao aliona timu mbili ndani ya jezi moja, ya Kwa Mkapa, uwanja wake wa nyumbani Dar, na ya kwenye ndege. Mtoano huzileta zote mbili mezani kwa usawa, mechi moja kila upande, na hakuna kufidia moja kwa mechi tano nyingine. Ndipo yakaja ya Lubumbashi: Emmanuel Okwi akafunga mapema kabisa, kisha yakaingia manne.

Je, hilo lilikuwa la msimu ule tu? Nilichukua makundi yote matano yaliyoipeleka Simba robo kati ya 2018/19 na 2023/24 na kutenganisha mechi za nyumbani na za ugenini. Nyumbani ni mechi 15: ushindi 13, sare moja (ASEC Mimosas), kipigo kimoja (Raja, 0-3). Ugenini nako ni mechi 15: ushindi mara mbili, Vita Kinshasa mwaka 2021 na Vipers Uganda mwaka 2023, sare nne, vipigo tisa.

Kwa pointi, Simba ilivuna 50 katika makundi hayo matano. Arobaini zilitoka nyumbani, kumi ugenini.

Kauli mbiu ya "Kwa Mkapa hatoki mtu" haikuwa maneno ya kampeni tu. Ilikuwa maelezo sahihi ya chanzo cha mafanikio, na ndani yake kulikuwa na maelezo ya tatizo. Timu ikishinda mechi zake tatu za nyumbani ina pointi tisa, na tisa mara nyingi zinatosha kuvuka kundi hata kama ugenini itaokota moja tu au isiokote kitu. Kwenye mtoano, kushinda nyumbani 1-0 ni nusu ya kazi. Pirates walifungwa moja Dar wakarudisha moja kwao. Wydad vivyo hivyo.

Mabao mengi nayo yanadanganya. Machi 2023 Simba iliipiga Horoya 7-0, na kwa ahadi ya Rais Samia ya shilingi milioni 5 kwa kila bao, usiku ule ulikuwa wa milioni 35. Msimu uliofuata ikaichapa Jwaneng Galaxy 6-0. Ukijumlisha misimu hiyo miwili, Simba ilifunga mabao 19 katika mechi 12 za makundi, na 13 kati yake ni ya mechi hizo mbili tu. Mechi kumi zilizobaki zilizaa mabao sita. Ukisikia "safu yetu ya ushambuliaji ilikuwa moto makundini", uliza moto huo uliwaka siku ngapi.

Kumaliza wa pili kuna bei yake

Kuna jambo ambalo vijiweni linapita haraka mno, nami naona ndilo zito kuliko penalti zote. Katika mtoano wa robo, aliyeongoza kundi anaanzia ugenini na kumalizia kwake. Wa pili anaanzia kwake na kumalizia ugenini. Simba ilimaliza ya pili mwaka 2019, 2022, 2023 na 2024. Mara zote nne marudiano yalikuwa Lubumbashi, Johannesburg, Casablanca na Cairo. Penalti zote mbili zilipigwa mbele ya mashabiki wa mpinzani.

Kwa timu ambayo pointi nane katika kila kumi zake ni za nyumbani, hiyo ni adhabu kubwa. Bao moja alilokosa ugenini mwezi Februari linaweza kumgharimu mechi ya kuamua mwezi Aprili, ingawa hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili. Mwaka 2022, kwa mfano, Simba na RS Berkane walimaliza kundi na pointi 10 kila mmoja. Berkane wakawa wa kwanza. Ndio waliobeba kombe msimu ule, kwa kuwafunga Pirates kwa penalti kwenye fainali.

Ubaya ni kwamba mara pekee Simba ilipoongoza kundi katika kipindi hicho ndiyo mara iliyotia uchungu zaidi. Msimu wa 2020/21 ilikuwa na pointi 13, ikafunga mabao tisa na kufungwa mawili, ikamaliza juu ya Al Ahly. Ilikuwa timu nzuri kweli, na bao la Luis Miquissone dhidi ya Al Ahly bado linarudiwa kwenye simu za watu. Robo ikapangwa na Kaizer Chiefs, timu iliyokuwa ikisuasua kwenye ligi ya kwao hadi ikamaliza ya nane. Wengi tuliona njia nyeupe. Mei 15, 2021, kwenye uwanja wa FNB, Chiefs wakafunga manne. Wiki moja baadaye John Bocco akafunga mawili na Chama moja, 3-0, na Simba ikatoka kwa bao moja la jumla.

Hapa sitetei. Chiefs 4-0 hakikuwa kikwazo cha ratiba wala cha marudiano. Marudiano yalikuwa Kwa Mkapa kama ilivyotakiwa. Ilikuwa jioni moja mbovu ya timu nzuri, na mtoano haukuiacha ilipe deni taratibu.

Je, ni mkosi?

Anayeamini mkosi ana hoja moja inayovutia: mara tano mfululizo si bahati mbaya tena. Tuijaribu kwa hesabu ndogo. Tuseme Simba iliingia kila robo ikiwa na nafasi ya asilimia 40 kupita, yaani nyuma kidogo ya mpinzani. Uwezekano wa kutoka zote tano ni karibu asilimia 8. Ukiishusha nafasi hiyo hadi asilimia 30, jambo ambalo si tusi unapopangwa na Mazembe kwao, Wydad au Al Ahly, uwezekano wa kutoka zote tano unapanda hadi karibu asilimia 17, yaani mara moja katika sita. Hayo ni mambo ya kawaida. Klabu nyingi za Afrika zimejaribu mara nyingi, na lazima baadhi yake ziangukiwe na mfululizo wa namna hiyo bila mganga wa mtu yeyote kuhusika.

Kisha angalia waliowatoa. Chiefs walifika fainali. Pirates walifika fainali. Wydad walifika fainali. Al Ahly walibeba kombe. Kati ya timu tano zilizoing'oa Simba, nne zilicheza fainali ya msimu ule, na Mazembe nao waliishia nusu fainali. Kufungwa na timu inayokwenda fainali hakufuti kufungwa, lakini kunabadilisha tafsiri yake. Anayesema Simba ilikuwa inatolewa na "timu za kawaida" hajafuatilia mashindano baada ya Simba kutoka.

Kuna pia wanaosema penalti ni bahati nasibu, hivyo zile mbili zisihesabiwe. Si kweli moja kwa moja. Kupiga penalti ni ufundi na ni ujasiri, kipa naye ana kazi yake, na mazoezi yanasaidia. Lakini ni kweli kwamba seti moja ya mikwaju mitano haitoshi kukuambia timu ipi ni bora; tofauti ya 4-3 ni mkwaju mmoja. Ukitaka kuwa mkweli na nafsi yako, ziandike zile mbili kama sare: dakika 180 na Pirates ziliisha 1-1, dakika 180 na Wydad ziliisha 1-1. Wydad wa 2023 walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Aliyeichukulia robo ile kuwa fedheha sawa na ile ya FNB anachanganya mambo.

"Robo haiwekwi kabatini"

Hiyo ni kauli ya watani, na kwa maana ya kombe ni sahihi. Hakuna klabu iliyowahi kupita mitaani na gari la wazi kwa sababu ya robo fainali, au tuseme isingepaswa. Lakini robo ina thamani nyingine inayohesabika.

Fedha kwanza. Msimu wa 2022/23, aliyefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa alipata dola 900,000, aliyeishia makundi 700,000, na bingwa dola milioni 4. Kuvuka kundi kuliongeza laki mbili tu za dola. Mzigo wenyewe ulikuwa juu zaidi. Kwa hiyo kifedha robo ni nzuri bila kuwa utajiri, na anayeisifia kupita kiasi aangalie pengo lililobaki mbele.

La pili linawahusu hata wanaocheka. CAF inapanga nchi kwa pointi za klabu zake kwa miaka mitano. Robo ya Ligi ya Mabingwa ni pointi 3, robo ya Shirikisho ni 2, ubingwa wa Ligi ya Mabingwa ni 6. Pointi hizo zinazidishwa kwa tano kwa msimu wa karibuni, nne kwa uliotangulia, na kuendelea kushuka hadi moja. Nchi 12 za juu zinapeleka timu nne badala ya mbili. Msimu wa 2018/19 Tanzania ilikuwa na timu mbili tu, Simba na Mtibwa Sugar. Baada ya robo ile ya Mazembe, ile ile ya 1-4, ikisaidiwa na pointi ambazo Yanga ilizipata kwenye makundi ya Shirikisho mwaka 2016 na 2018, msimu uliofuata nchi ikapeleka nne: Simba, Yanga, Azam na KMC. KMC ya Kinondoni ikacheza Afrika kwa mgongo wa robo fainali inayotaniwa.

Ndiyo faida ya wastani: unakusanya kidogo kidogo, na kinachokusanywa hakipotei kwa jioni moja.

Lakini jedwali la ugenini halina mjomba

Kufikia hapa shabiki wa Simba anaweza kudhani nimemwandikia barua ya utetezi. Basi atazame robo zile tano upande wa ugenini: 1-4, 0-4, 0-1, 0-1, 0-2. Mechi tano, vipigo vitano, bao moja la kufunga na 12 ya kufungwa. Nyumbani ni mabao matano ya kufunga na moja la kufungwa. Bahati mbaya inaweza kueleza kutoka mara tano. Haiwezi kueleza timu kusafiri mara tano na kufunga mara moja.

Na usikimbilie kumlaumu kocha. Robo ya kwanza alikuwepo Patrick Aussems, ya pili Didier Gomes, ya tatu Pablo Franco, ya nne Robertinho, ya tano Abdelhak Benchikha. Makocha watano, mataifa tofauti, mifumo tofauti, ugonjwa mmoja. Unaweza kusoma orodha hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba kocha hakuwa tatizo, kwa sababu kila aliyekuja alilikuta. Ya pili, ambayo mimi naiamini zaidi, ni kwamba kucheza ugenini na kutoka na kitu ni kazi ya kujengwa kwa misimu, nani anakaba wapi, lini timu ipoe na lini iende mbele, na klabu inayobadilisha mwalimu kila robo fainali inaanza upya somo hilo hilo kila mwaka. Watu kama Shomari Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala" walikuwepo miaka yote hiyo. Waliobadilika ni waliokuwa wakiwaelekeza.

Kulinganisha na wengine kunasaidia kuona kwamba kukwama kuna sura nyingi. Mamelodi Sundowns wametawala ligi ya Afrika Kusini kwa miaka, lakini tangu wabebe Ligi ya Mabingwa mwaka 2016 wametolewa na Wydad, Al Ahly, Petro de Luanda na Espérance, kisha wakapoteza fainali ya 2025 kwa Pyramids. Mwaka 2023 walitoka nusu fainali kwa Wydad bila kufungwa, 0-0 na 2-2, goli la ugenini likaamua. Hao tatizo lao halikuwa safari. Yanga nayo ina sura yake: fainali ya Shirikisho ya 2023 ilifungwa 1-2 nyumbani na USM Alger kisha ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa goli la ugenini. Kinyume kabisa cha Simba. Na mwaka 2024 Wananchi, yaani Yanga hao hao, wakatoka robo, ndiyo, robo, mbele ya Sundowns hao hao kwa penalti baada ya sare tasa mbili, na bao la Aziz Ki lililokataliwa ambalo mjadala wake nauacha kwa sababu hautaisha leo.

Ilipovunjika

Msimu wa 2024/25 Simba iliongoza kundi lake la Shirikisho kwa pointi 13, idadi ile ile ya 2021, tisa za nyumbani na nne za ugenini. Robo ikaanzia Suez, Misri, na Al Masry wakashinda 2-0. Kwa misimu minne kati ya ile mitano, mechi ya namna hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho. Safari hii, kwa kuwa iliongoza kundi, ilikuwa ya kwanza. Aprili 9, 2025 Simba ikarudisha mawili Kwa Mkapa, ikashinda penalti 4-1, na jina la utani likakosa kazi kwa muda. Kocha alikuwa Fadlu Davids. Timu ilikuwa bora kuliko ile ya 2023? Sina hakika. Ilikuwa imejipangia nafasi nzuri zaidi ya kukosea.

Nusu fainali ikaifunga Stellenbosch 1-0 Zanzibar kwa bao la Jean Charles Ahoua na kutoka 0-0 Durban. Fainali ikapangwa na Berkane: 0-2 Morocco, kisha 1-1 kwenye uwanja wa Amaan, kwa sababu marudiano hayakuruhusiwa kuchezwa Kwa Mkapa. Vijiwe vikarudi kwenye ubishi wao, safari hii juu ya fainali. Ukiongeza safari za Suez, Durban na Berkane kwenye zile tano, unapata mechi nane za Simba ugenini kuanzia robo na kuendelea: sare moja, vipigo saba, na bao moja tu la kufunga, lile la Okwi la Aprili 2019.